Kaya Iliyopotea Kati ya Madaftari Mawili

Nimeandikiwa barua ya onyo mara moja tu katika utumishi wangu wote, na sijawahi kuionea haya. Nakala yake ninayo mpaka leo. Imekaa kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya wanangu na kanga ya marehemu mama, na kila nikiifungua naliona neno "ukaidi" limepigwa kwa taipureta ileile niliyokuwa nikiitumia mimi, ambayo herufi yake ya "a" ilijaa uchafu ikawa inatoka kama doa la wino. Neno lenyewe halikunionea. Nilikuwa mkaidi, na nikirudishiwa ujana leo nitakuwa mkaidi zaidi.

Ilikuwa Shinyanga, katikati ya miaka ya sabini, wakati watu walipokuwa wakihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa kukaa pamoja kwenye vijiji vipya. Wazee wenzangu bado hubishana kama jambo lile lilikuwa jema au baya. Wabishane. Mimi ninachokijua vizuri ni meza moja, madaftari mawili na mwanamke mmoja, na kwa hayo siogopi kusema mbele ya mtu yeyote.

Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali ambayo sitaitaja, kwa sababu waliokosea walikuwa watu, siyo jengo. Nilizaliwa palepale mjini, nyuma ya stesheni. Baba alitoka Pangani kufuata biashara ya nguo, akamwoa mama, Mnyamwezi wa Tabora, akakoma kusafiri. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni, cha kununulia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na kulalamikia bei, na akina mama wauzaji walinicheka waziwazi. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa la kwanza katika habari hii ni langu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya watu kuhama, makarani walipita nyumba kwa nyumba huko walikokuwa wakiishi, wakaandika kila kaya kwenye kauntabuku la jalada jeusi: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, idadi ya ng'ombe. Hilo tuliliita daftari la zamani. Watu walipofika kijiji kipya tuliwaandika tena, kwenye kauntabuku la jalada jekundu: jina la mkuu wa kaya, watu, ng'ombe, na namba ya kiwanja walichopewa kujenga. Hilo likawa daftari jipya. Sasa mvua zilikuwa zinakaribia na mashamba yalitakiwa yagawiwe. Ofisi ikataka orodha ya tatu itokane na madaftari hayo mawili. Unalichukua jina kwenye la zamani, unalitafuta kwenye jipya, ukilipata unaunganisha mistari miwili kuwa mmoja. Kaya iliyomo kwenye orodha ya tatu inapata shamba. Isiyokuwemo haipati, na mwaka huo italima nyuma ya nyumba tu, itegemee huruma ya majirani.

Nilipangiwa kazi hiyo na karani mwenzangu, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ofisini na woga mwingi kuliko wote. Tulikaa meza moja, yeye na daftari la zamani, mimi na jipya. Yeye anasoma jina, mimi nateremsha rula ukurasani mpaka nilipate. "Yupo." "Kiwanja namba ngapi?" Namtajia, anaandika. Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikawa naimba. Siku ya nne tukabaki na masalio.

Masalio yalikuwa ya namna mbili. Kwenye daftari la zamani kulikuwa na wazee wenye kaya zao kamili ambao kwenye jipya hawaonekani popote. Na kwenye jipya kulikuwa na kaya kumi na moja zenye watu, zenye ng'ombe, zenye viwanja, ila mahali pa jina la mkuu wa kaya pameandikwa neno moja tu: "Hajui." Zote kumi na moja kwa mwandiko wangu.

Nilikumbuka siku niliyowaandika. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda chini ya turubai, mafua yamenibana, watu wamepanga mstari usioisha. Kila akija mwanamke peke yake nilimwuliza, "Nani mkuu wa kaya?" Wengi walijibu. Hao wachache waliangalia pembeni wakanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti zaidi, kana kwamba ni viziwi, wakanyamaza tena. Nikajisemea moyoni kwamba hawa watu wa porini hata mwenye nyumba yao hawamjui, nikaandika "hajui" na kumwita anayefuata. Ninaona aibu kuyarudia maneno hayo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Mwenzangu alipoyaona masalio alipata ufumbuzi wake. Kwenye daftari la zamani nako kulikuwa na mistari michache isiyo na jina, nyumba ambazo makarani walikuta mlango umefungwa, wakahesabu ng'ombe zizini wakaenda zao. Basi yeye akachukua nafasi tupu ya huku akaioanisha na nafasi tupu ya kule, moja baada ya nyingine, kwa kufuata kurasa tu, akaziunganisha kwa mstari safi wa rula.

"Huku hana jina, kule hana jina," akaniambia kwa furaha. "Ni yuleyule."

Nikatazama mstari wa kwanza. Mwanamke mwenye kaya ya watu sita na ng'ombe kumi na watatu alikuwa ameunganishwa na zizi la ng'ombe arobaini.

"Kaka, huyu mama ana ng'ombe kumi na watatu. Hawa arobaini amewatoa wapi?"

"Labda wengine wamekufa njiani."

"Wewe huna gari?"

"Sina."

"Na mimi sina. Kwa hiyo mimi na wewe ni mtu mmoja? Mwambie mkeo leo nakuja kulala kwangu."

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaifuta na kunikazia macho. "Dada yangu," akasema, "funika kombe mwanaharamu apite. Orodha inatakiwa wiki hii." Nikafuta mistari yake yote kwa raba, mmoja mmoja, na yeye akaniangalia bila kunizuia.

Jambo lilipokuwa refu tulilipeleka kwa mkubwa wetu wa ofisi. Sitaki kumsingizia. Hakuwa mla rushwa wala mlevi, na shati lake lilipigwa pasi kila siku ya Mungu. Alichochukia ni orodha chafu. Karatasi yenye nafasi tupu ilimkera kama sufuria isiyosafishwa inavyomkera mama mwenye nyumba. Alipitisha kidole kwenye masalio yetu, akatoa uamuzi kabla chai yake haijapoa.

"Hawa wazee hawakuhama. Wakate. Na hawa wanawake hawajulikani walikotoka, ni wavamizi. Wakate."

"Wote, mzee?"

"Asiyeonekana kwenye madaftari yote mawili akatwe. Asiyekuwepo na lake halipo."

Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni na nilikuwa naipenda. Siku hiyo ilinitia hasira. Wale wanawake walikuwepo. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, wamesimama juani mbele ya kreti langu, na kama walikuwa wamepotea basi mimi ndiye niliyewapoteza. Niliondoka ofisini kwa mkubwa, nikanakili namba za viwanja vyao kumi na moja kwenye karatasi.

Jumapili nilipanda lori lililokuwa linapeleka mbegu za pamba. Sikuomba ruhusa, maana nilijua ningenyimwa. Nilikaa juu ya magunia na kanga nimejifunga kichwani, tukapita mbuga nyeusi iliyopasuka kwa ukame, na mahali palipokuwa na makazi ya zamani niliona ua wa minyaa umebaki peke yake ukizunguka nyumba isiyokuwepo. Kijiji kipya kilikuwa mistari minne ya fito zilizosimamishwa bila udongo. Katika kaya zangu kumi na moja nilichagua iliyokuwa karibu na barabara, kwa sababu tu jua lilikuwa kali. Ilikuwa ileile ya watu sita na ng'ombe kumi na watatu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mtoto mgongoni, anakandika ukuta kwa udongo mpaka viwiko. Nilimsalimia, "Mwadila," akaitikia, akaangalia viatu vyangu, akanitambua.

"Ni wewe," akasema kwa Kiswahili cha kuchagua neno kwa neno. "Wewe uliuliza. Mimi nilinyamaza. Wewe ukaandika. Uliandika nini?"

Jirani yake, mwanamke mnene mcheshi aliyejua Kiswahili cha kuuzia mtama mjini, alikuwa amekwishasogea kusikiliza. Nikamweleza yeye: ninatafuta jina la mkuu wa kaya hii, na mama huyu asiponitajia hatapata shamba. Jirani akaangua kicheko, akajipiga paja.

"Ee, mtoto wa mjini! Wewe una mkwe?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hapa kwetu hatamki akiwa hai, hatamki akifa. Akilitamka amemvua nguo mzee wa watu mbele za watu. Ungeniuliza mimi."

Alipotaka kunitajia, yule mwenye nyumba aliweka chini udongo wake, akaenda nyuma ya nyumba, akabaki huko mpaka jirani alipomaliza. Aliporudi akaendelea kukandika. Nilisimama pale nimeshika penseli na nilijisikia mdogo. Kumi na mmoja wote, jirani alinihakikishia, walikuwa wakamwana, na wote walijua. Walikuwa wamenijibu kwa heshima, na heshima yao nilikuwa nimeiandika ujinga.

Kidogo kidogo, kwa msaada wa jirani, nikazipata habari nyingine za kaya hiyo. Baba mkwe alikuwa mjane. Aliandikwa kule kwao akiwa mzima, kwa kinywa chake mwenyewe, akafariki kabla ya siku ya kuhama. Mwanawe, mume wa huyu mama, alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu tangu mavuno, na barua mbili zilizotumwa hazikujibiwa.

"Lakini kwa nini hukumtaja mume wako basi?" nikamwuliza mwenyewe.

Alinyoosha mgongo akanitazama kama anayefikiri jinsi ya kumweleza mtoto. "Uliuliza mwenye mji, mwenye kaya. Mwenye mji ni mzee. Mume wangu hajarudi kukabidhiwa mji. Ningesema uongo?"

Niliporudi mjini sikupitia nyumbani. Mlinzi alinifungulia, nikafungua daftari la zamani juu ya meza yetu, na mzee nikampata palepale, mstari wa sita wa ukurasa: watu saba, ng'ombe kumi na wanne. Katika daftari jipya, watu sita, ng'ombe kumi na watatu. Mwenzangu angesema hesabu haziendani, na kweli hazikuendana. Zilipishana kwa msiba. Mtu mmoja amezikwa, ng'ombe mmoja amechinjwa msibani. Tena juu ya mstari wa mzee, mstari wa tano, kulikuwa na jina la mume wa yule jirani mcheshi. Makarani walitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba, kwa hiyo daftari lilifuata nyumba zilivyokaa. Hata kaya isiyo na jina ilikuwa na wa kushoto na wa kulia. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu, mlinzi akaja kuchungulia.

Kwa njia hiyo, nikilinganisha hesabu na majirani wa kila kaya, nilizipata kaya saba kati ya kumi na moja. Nne zilinishinda. Nikapiga orodha ya tatu upya kwa taipureta na kuziweka zote humo: waliokutana pande zote mbili, waliokuwa upande mmoja tu, na mahali nisipokuwa na jina nikapiga kistari kifupi. Kurasa nne. Nikampelekea mkubwa Jumatatu asubuhi.

Alisoma akisimama. "Hivi vistari ni nini?"

"Ni watu, mzee. Majina yao sijayapata, au hayatajwi. Ila wapo."

"Nani alikutuma kijijini?"

"Nimejituma."

Akakaa. Akanieleza, na hili lilikuwa la haki, kwamba kulikuwa na watu waliochukua mashamba mawili mawili kwa kutumia majina ya marehemu, na kwamba maneno ya jirani si ushahidi, kwani jirani humsaidia jirani. Mkuu wa kaya hutajwa na kaya yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni. Kisha akachukua kalamu nyekundu akakata vistari vyangu vyote, na majina saba niliyoyapata akayakata pia, akanirudishia karatasi nipige nakala safi.

Nilirudi mezani, nikaifunika taipureta kwa kifuniko chake cha turubai, nikaweka mikono mapajani. Nilikaa hivyo. Saa nne ikapita, chai ikapita. Mwenzangu alikuwa akininong'oneza, "Piga tu, dada, piga tu, una mama wa kumlisha." Alisema kweli, na nilikuwa na hofu tele. Mkubwa alipotoka alinikuta hivyohivyo.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema.

"Sitaipiga, mzee. Tafuta mwingine."

Pengine hakutaka kelele, pengine alitaka kunionyesha. Akasema siku ya kugawa mashamba atakwenda mwenyewe, na nitakwenda naye. Huyo mama yangu wa watu sita atasimama mbele ya kijiji kizima amtaje mkuu wa kaya yake kwa kinywa chake. Akimtaja, ataandikwa, na wenzake tutawaangalia. Asipomtaja, ninapiga orodha safi jioni hiyohiyo na habari imekwisha. Alilisema hilo akiwa anaamini kabisa kwamba ametenda haki. Kwake yeye lilikuwa jina tu.

Siku ilipofika watu walikaa chini kwa mstari wa viwanja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Meza ya ofisi iliwekwa katikati, mkubwa nyuma yake, mimi pembeni na madaftari yote mawili. Majina yalisomwa, watu wakainuka, wakapokea namba za mashamba yao. Ilipomalizika, mkubwa akamwita mama wa kiwanja cha barabarani. Akaja na mtoto mgongoni na wengine watatu wakimfuata.

"Mama, hii ni kazi ya serikali, si nyumbani kwako," mkubwa akamwambia bila ukali. "Mtaje mkuu wa kaya yako, upewe shamba, uende."

Hakutaja. Aliangalia pembeni, kama alivyoangalia siku ile mbele ya kreti langu. Mkubwa akarudia. Jirani mcheshi akataka kumtajia kutoka alipokaa, mkubwa akamnyamazisha kwa mkono. Chakula cha watoto wake cha mwaka mzima kilining'inia kwenye neno moja ambalo kila mtu pale alilijua, naye hakulisema. Kisha akasema jambo moja tu, kwa Kisukuma, na mtu wa kijiji akalitafsiri bila kutakiwa: "Anasema shamba analitaka sana. Jina hatalitaja."

Mkubwa alinigeukia. "Umesikia mwenyewe."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nililifungua daftari jeusi, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba naomba wakuu wa kaya nitakaowasoma wainuke na wasimame kama walivyokuwa wakikaa kule walikotoka, kila mtu kwenye nafasi ya nyumba yake. Mkubwa akaanza kusema kitu. Nikasoma jina la kwanza juu ya sauti yake.

Akainuka mzee mmoja, akatembea mpaka uwanjani, akageuka kuangalia jua kama anayepima, akasimama. Nikasoma la pili, akasimama hatua kadhaa mbele yake. "Hapana, wewe ulikuwa huku kisimani," wa kwanza akamwambia, naye wa pili akasogea. La tatu. La nne. Watu wakaanza kucheka na kuelekezana, wanawake wakipiga kelele kuwarekebisha waume zao. La tano, mume wa yule jirani. Mstari wa sita sikuusoma. Nikaruka mpaka wa saba, wa nane, wa tisa.

Yule wa saba, mwanamume mwenye ndevu za mvi, alitembea kuelekea kwa wa tano, akafika karibu, kisha akazunguka. Hakuna aliyemwambia azunguke. Alizunguka kama mtu anayekwepa ua wa minyaa, akaenda kusimama mbali, na kati yake na wa tano pakabaki mahali patupu penye upana wa nyumba na zizi. Wa nane na wa tisa wakajipanga baada yake, na wote tisa, yaani wanane, wakatulia. Kicheko kikaisha. Kila mtu alikuwa anapaangalia pale patupu.

Mama yule akamkaza mtoto mgongoni, akawashika wengine mikono, akatembea taratibu mpaka pale katikati, akasimama.

Mkubwa alikuwa ameshika kalamu yake nyekundu. Alitazama mstari ule wa watu, akatazama daftari, akahesabu kwa kidole mpaka wa sita. Ndipo yule wa saba mwenye ndevu akasema, kwa upole wa mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia, "Ndugu, hapo ndipo anapokaa."

Mkubwa akafunika kalamu nyekundu, akatoa ya bluu. Akaniambia nimwandike. Wengine sita tukawafanyia vivyo hivyo kwa kurasa zao za daftari, na ilichukua mpaka alasiri. Zile nne zilizonishinda alikubali zibaki kwenye orodha na vistari vyao mpaka zipatikane. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu sikutaka anione.

Mume wa yule mama alirudi kutoka Geita mvua zilipokuwa zimekolea, akakuta mahindi magotini. Dhahabu aliyoileta, aliniambia mwenyewe, haikujaza hata kifuniko cha chupa. Alikuja ofisini na jogoo chini ya kwapa, akanipa shikamoo ingawa alinizidi umri, nikamkatalia kwa kicheko. Kisha akasimama wima mbele ya meza akatamka jina la baba yake, polepole, lote, nami nikalijaza kwa wino mahali nilipokuwa nimeandika "hajui." Yeye aliruhusiwa kulitaja.

Lakini mkubwa alikuwa hajanisamehe. Wiki moja baada ya mgawo alikuwa amekwishaniletea barua: kwenda safari bila ruhusa, kukataa kazi halali, ukaidi mbele ya wananchi. Chini ya barua kulikuwa na kisanduku kikubwa chenye kichwa "Maelezo ya Mtumishi," na mahali pa sahihi. Mwenzangu akaniazima kalamu yake nzuri na kunishauri niombe radhi kwa maneno mengi. Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Nikatia sahihi, kisanduku nikakiacha, nikaipeleka.

Mkubwa aliigeuza, akaigeuza tena. "Hujajaza."

"Nimeimaliza, mzee."

"Hapa patupu." Akachukua kalamu, akaisogeza kwenye kisanduku. "Basi nikuandikie kwamba huna maelezo."

Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi, mbele ya kalamu yake.

"Ninayo," nikamwambia. "Sitaki kuyasema. Usiniandikie kwamba sina."

Mkubwa akaifunika kalamu, akagonga mhuri, akanipa nakala yangu. Kisanduku bado kiko wazi.